Dakika Thelathini, Foleni Ikiwemo

Mgeni aliyekaribishwa chai nyumbani kwa Hajati, mweka hazina wa kamati yetu ya maji, alikitazama kikombe kwa muda kabla ya kukigusa. Chai ilikuwa imegeuka rangi ya wino ingawa majani yaliyotiwa hayakujaza hata kijiko, na juu yake palielea utando mwembamba uliong'aa kama mafuta ya taa. Hajati hakuomba radhi. "Kunywa tu, mwanangu," alimwambia. "Ndiyo maji yale uliyoandika jana kwamba tunayo." Kijana yule alikuwa mkusanyaji takwimu, na siku iliyotangulia alikuwa amegusa kisanduku kwenye tableti yake kuonyesha kwamba kijiji chetu kina kisima kirefu chenye pampu ya mkono inayofanya kazi, na kwamba kwa hiyo wakazi wake wanatumia chanzo cha maji kilichoboreshwa. Hakudanganya. Kwa maana ya maneno aliyopewa ofisini, maji tulikuwa nayo.

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa karani wa kamati hiyo. Kijiji chetu kiko upande wa Uganda wa Busia, karibu kiasi kwamba usiku tunasikia malori yakipanga foleni kuelekea forodhani, na kwa kuwa wajumbe wetu ni Wasamia, Wateso, Wanyole na watu wa familia mbili zilizohamia kutoka ng'ambo ya mpaka, mikutano huendeshwa kwa Kiswahili, lugha ya soko, ambayo hakuna awezaye kudai kuwa ni ya nyumbani kwake peke yake. Ukarani niliupata kwa sababu niliwahi kufundisha Kiswahili na nilikuwa na daftari. Kazi yenyewe ni ndogo: kuandika nani amelipa, nani hajalipa, na pampu imeharibika tarehe gani. Lakini karani ndiye anayepewa fomu, na kwa kujaza fomu miaka yote hii, nyingine za wilaya, nyingine za mashirika, nimefikia kuona kwamba lengo la dunia, kabla halijageuka kuwa fedha au mradi, huwa ni maana iliyopewa neno fulani, na kwamba mwenye kuishika maana hiyo ndiye anayeamua kitakachochimbwa huku kwetu na kitakachoachwa.

Neno la kwanza lilikuwa hilo la "kuboreshwa". Septemba 2000 nchi 189 zilikubaliana New York juu ya Azimio la Milenia, na kutokana nalo yakatungwa malengo manane ya kufikiwa ifikapo mwaka 2015. Ndani ya lengo la saba, lililohusu mazingira, mlikuwa na shabaha ya kupunguza kwa nusu sehemu ya watu wasiopata maji salama ya kunywa, kwa kulinganisha na hali ya mwaka 1990. Shabaha ilisema maji salama. Ila usalama wa maji hupimwa maabara, na hapakuwa na uwezo wa kupeleka maabara katika mamilioni ya nyumba, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF, waliokabidhiwa kazi ya kuhesabu, walitumia kipimo ambacho mdodosaji angeweza kukiona kwa macho yake, yaani aina ya chanzo. Bomba, kisima kirefu, chemchemi iliyojengewa, kisima kilichofunikwa na maji ya mvua viliingizwa katika vyanzo vilivyoboreshwa. Mto, bwawa na kisima kilicho wazi vikaachwa nje. Siwalaumu sana. Mwalimu aliyewahi kusahihisha madaftari themanini kwa usiku mmoja anamwelewa mtu anayetazama mwandiko akaacha kuisoma insha.

Kwa kipimo hicho, Machi 2012 mashirika hayo mawili yalitangaza kwamba shabaha ya maji ilikuwa imekwisha kufikiwa mwaka 2010, miaka mitano kabla ya muda wake, na kwamba watu zaidi ya bilioni mbili walikuwa wamepata vyanzo vilivyoboreshwa tangu 1990. Kisima chetu kimo katika hesabu hiyo. Tarehe yake iliandikwa kwa msumari saruji ilipokuwa mbichi, nayo inasomeka mpaka leo: Agosti 2003.

Fedha za visima vya miaka ile nazo zina historia inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1998 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kunufaika na mpango wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wa kuzipunguzia madeni nchi maskini zilizolemewa. Fedha ambazo zingelipa madeni zilitengwa katika mfuko maalumu wa kupambana na umaskini, ndani ya bajeti ya serikali lakini zikiwa na alama yake, ili kila mwenye shaka aweze kuona kwamba zimekwenda kwenye elimu ya msingi, zahanati, barabara za vijijini na maji. Nyuma ya mfuko huo kulikuwa na mpango wa kutokomeza umaskini ambao serikali ilikuwa imeuandika mwaka 1997, na ambao mwaka 2000 taasisi hizo mbili ziliukubali kuwa ndio mkakati waliokuwa wakiudai kwa kila nchi iliyoomba nafuu. Tumezoea kusema kwamba mipango hutungwa nje ikaletwa. Huu ulitungwa nyumbani, ukapendwa nje, ukawa mfano wa kuwaonyesha wengine. Na nadhani hilo ni kweli zaidi kuhusu uhusiano wa nchi yetu na wakubwa wa dunia kuliko malalamiko ya kwenye redio, maana mara nyingi sisi ndio tuliotoa unga na wao wakatoa kinu.

Hata hivyo fedha yenye alama hutaka kitu cha kuonyesha, na hakuna kitu kinachoonekana vizuri katika ripoti kama kisima kipya. Ruzuku za masharti zilizokuja wilayani zilipangiwa ujenzi kwa sehemu kubwa, na ukarabati ukaachiwa kilichobaki. Wizara ya maji nayo ilikuwa na kanuni zake za kuhesabu ambazo bado zinatumika: kisima kirefu chenye pampu ya mkono kinahesabiwa kuwahudumia watu 300, chemchemi iliyojengewa watu 200, na mkazi wa kijijini anahesabiwa kuwa amepata maji ikiwa chanzo kiko ndani ya kilomita moja kutoka kwake. Kwa hiyo asilimia ya waliopata maji katika gombolola, ambalo ni sehemu ya wilaya, inaweza kupatikana mtu akiwa ameketi: idadi ya vyanzo, mara 300 au 200, gawanya kwa idadi ya watu. Kwa miaka mingi takwimu za wizara kuhusu maji vijijini zimezunguka kwenye theluthi mbili, zikipanda kidogo na kushuka kidogo, huku idadi ya watu ikiongezeka hadi milioni 45.9 katika sensa ya mwaka 2024. Visima vilikuwa vikichimbwa kila mwaka. Vilikuwa vikifa kila mwaka pia, na watoto walikuwa wakizaliwa.

Kisima chetu kiliuawa na bomba lake. Pampu nyingi za mkono nchini ni za muundo uliotoka India, zikabadilishwa kidogo na kupewa jina la U2 na U3. Chini ya ule mkono tunaousukuma kuna mnyororo, chini ya mnyororo kuna fimbo za chuma, na fimbo hizo hupita ndani ya mabomba yenye urefu wa mita tatu tatu yaliyounganishwa hadi kwenye silinda iliyozama majini. Kwa muda mrefu mabomba hayo yalikuwa ya chuma kilichopakwa zinki. Katika sehemu nyingi za nchi maji ya chini ya ardhi yana tindikali kiasi, ambayo hula zinki kwanza, kisha chuma, na chuma kilicholiwa hupanda pamoja na maji. Siku fundi alipotusaidia kuyachomoa, sisi tisa tukishika kamba, bomba la nne lilitoka likiwa na matundu ambayo kidole changu kiliweza kupita, na la sita lilivunjika mikononi mwetu kama muwa uliokauka. Fundi, mzee mmoja mtulivu ambaye ametengeneza pampu tangu enzi za utawala uliopita, alilipima uzito kwa kiganja akasema, "Hili mmekwisha kulinywa, Mwalimu. Nusu yake imo matumboni mwenu."

Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ilisimamisha matumizi ya mabomba na fimbo za namna hiyo, ikaelekeza kwamba vifaa visivyoshika kutu ndivyo vitumike. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, na ulitokana na mafundi na wahandisi wa humu humu waliolalamika kwa miaka, bila kungoja mkutano wowote wa dunia. Lakini mabomba yaliyokwisha kuzamishwa yalibaki huko chini, na hakuna kiashiria kilichoyauliza habari zake. Pampu yetu ilikuwa ikitoa maji; fomu iliuliza kama inatoa maji. Kwamba sare nyeupe za shule zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, kwamba maharage yalikuwa meusi na ugali wa muhogo kijivu, kwamba kina mama walikuwa wameamua wenyewe kutumia kisima kwa kuoshea baiskeli na kunyweshea ng'ombe, huku maji ya kunywa wakiyafuata kwenye kisima cha wazi kando ya kinamasi, yote hayo hayakuwa na kisanduku.

Inanilazimu niseme habari za kamati yenyewe, kwa sababu nayo ililetwa na mkutano wa mbali. Januari 1992 wataalamu wa maji walikutana Dublin wakatoa kauli yenye kanuni nne, na mtu akizisoma leo anaiona kamati yetu ikiwa imeketi ndani yake: kwamba watumiaji washirikishwe katika kusimamia maji, kwamba wanawake wana nafasi ya katikati katika kuyapata na kuyatunza, na kwamba maji yana thamani ya kiuchumi. Sera ya maji ya Uganda ya mwaka 1999 ilifuata njia hiyo. Ndiyo sababu tuna mikutano, ndiyo sababu angalau nusu ya wajumbe ni wanawake, na ndiyo sababu Hajati hugonga milango mwisho wa mwezi akidai shilingi 1,000 kwa kila nyumba na kuziandika katika daftari lenye picha ya mchezaji mpira kwenye jalada. Miaka kumi na minane baada ya Dublin, tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba maji salama ya kunywa na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Hajati alipoambiwa hivyo na kijana mmoja kwenye semina, aliuliza kama aache kukusanya. Hakujibiwa. Alipewa chupa ya soda na nauli.

Sikatai kwamba kamati ina faida. Mpira wa silinda ukichakaa, mnyororo ukikatika, fedha za daftari zinatosha na fundi anakuja siku hiyo hiyo kwa bodaboda. Kabla ya kamati tungengoja wilaya kwa miezi. Lakini waliotunga mfumo huu walifikiria matengenezo ya aina hiyo, yale ambayo kijiji kinaweza kuyabeba, na kubadilisha mabomba yote kuweka ya chuma kisichoshika kutu kunagharimu mamilioni ya shilingi. Kwa shilingi 1,000 za mwezi, na nyumba zinazolipa zikiwa chini ya nusu, tungefikia kiasi hicho wajukuu wa Hajati wakiwa na wajukuu. Mzigo ulitupwa kwetu ukiitwa umiliki. Hilo ndilo neno ambalo limenichosha kuliko yote katika fomu, na naomba nisilizungumze zaidi.

Tarehe 25 Septemba 2015 malengo mapya ya dunia, ya kurithi yale ya Milenia, yalipitishwa. Kwa Mganda jambo hilo lina ukaribu wa pekee, kwa sababu mwaka wote wa majadiliano ya mwisho Baraza Kuu lilikuwa likiongozwa na Sam Kutesa, aliyekuwa waziri wetu wa mambo ya nje, na kikao cha kuyapitisha kiliongozwa kwa pamoja na Rais Yoweri Museveni na waziri mkuu wa Denmark, Lars Løkke Rasmussen. Malengo 17, shabaha 169, viashiria zaidi ya 200. Watu walicheka wingi huo, na mimi nilicheka pia, mpaka nilipokisoma kiashiria cha kwanza cha lengo la sita, lile la maji.

Kiliuliza mambo ambayo hatukuwahi kuulizwa. Ili mtu ahesabiwe kuwa na huduma ya maji inayosimamiwa kwa usalama, chanzo kilichoboreshwa hakitoshi: maji yawe nyumbani au uani kwake, yapatikane anapoyahitaji, na yawe hayana vijidudu vya kinyesi wala kemikali hatari zilizotajwa kwanza, ambazo ni aseniki na floraidi. Chini ya daraja hilo kuna huduma ya msingi, yaani chanzo kilichoboreshwa ambacho kwenda kuchota na kurudi hakuzidi dakika 30, foleni ikiwemo. Ikizidi dakika 30 inaitwa huduma yenye kikomo. Chini zaidi kuna chanzo kisichoboreshwa, na mwisho kabisa maji ya mto au ziwa. Nilisoma maneno "foleni ikiwemo" mara tatu. Kuna mtu, katika ofisi fulani ambayo sitaiona, aliyewahi kufikiria foleni.

Nilitafsiri ngazi hiyo kwa Kiswahili nikaipeleka kwenye kikao. Kichwa cha waraka wangu kilikuwa "Malengo ya Maendeleo Endelevu", na bibi mmoja wa Kiteso, mjumbe wetu mkongwe, akanisimamisha hapo hapo. "Mwalimu, maendeleo si kuendelea? Sasa hayo endelevu ni kuendelea kwa kuendelea?" Watu wakacheka. Nilieleza kwamba Kiswahili kimeyazaa maneno yote mawili kutoka kitenzi kimoja, jambo ambalo katika lugha iliyoleta wazo hili haliko, na kwamba tume ya Umoja wa Mataifa iliyolieneza wazo lenyewe mwaka 1987 ilikusudia maendeleo yanayotimiza mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja kesho uwezo wa kutimiza ya kwao. Bibi alitafakari. "Basi yale ya kwanza," alisema, "yale ya 2003, yalikuwa maendeleo yasiyoendelea." Niliandika kauli hiyo katika kumbukumbu za kikao, na sikuiona sababu ya kuifuta mwenyekiti aliponiomba nifanye hivyo.

Tulifikia kwamba tupime foleni. Kwa wiki mbili, asubuhi na jioni, vijana wawili walikaa chini ya mwembe ulio karibu na kisima wakiwa na simu yenye saa, wakaandika jerikani ya kwanza ya kila mwanamke iliwekwa saa ngapi katika mstari na ilijazwa saa ngapi, halafu wakaongeza mwendo wa kutoka nyumbani na kurudi. Si utafiti, mtu wa takwimu angeupasua kwa sekunde. Ilituonyesha tu kwamba nyumba nyingi zilikuwa zikitumia karibu saa nzima kwa safari moja, na nyumba tatu tu, zile zilizo jirani kabisa na mwembe, ndizo zilizokuwa chini ya dakika 30.

Karatasi hiyo tuliipeleka kwenye mkutano wa bajeti wa gombolola. Afisa aliyetupokea alikuwa mtu wa heshima, na alitueleza jambo ambalo sikulijua. Kila mwaka Ofisi ya Waziri Mkuu huzipima wilaya, na kiasi fulani cha ruzuku hutegemea alama walizopata. Mpango wa Benki ya Dunia wa kuimarisha ruzuku za serikali za mitaa, ulioanza mwaka 2017, uliupa upimaji huo meno. Moja ya mambo yanayoangaliwa katika upande wa maji ni kama wilaya imepeleka bajeti yake kwenye magombolola yaliyo chini ya wastani wa wilaya. Kanuni yenyewe ni ya haki: inamzuia mwanasiasa kuchimba visima vyote kwao. Lakini gombolola letu lilikuwa juu ya wastani. Lilikuwa juu kwa sababu visima vyetu ni vingi, na visima ni vingi kwa sababu vile vinavyotoa kutu vinahesabiwa sawa na vinavyotoa maji, kila kimoja watu 300. "Mngekuwa na visima vichache," alisema, bila kejeli yoyote, "ningewasaidia."

Hapo ndipo karatasi ya mwembe ilipopata kazi. Hatukubishana na asilimia yake. Tulimwonyesha kwamba Uganda imekwisha kukubali ngazi nyingine ya kupimia, kwamba mpango wa pili wa maendeleo ya taifa, wa kuanzia mwaka wa fedha 2015/16, uliandikwa kwa kuyatazamia malengo mapya ya dunia, kwamba nchi ilikuwa miongoni mwa nchi 22 za kwanza kwenda New York Julai 2016 kutoa ripoti ya hiari, na ikaenda tena mwaka 2020. Kama serikali inaripoti kwa ngazi ile kule, kwa nini gombolola lipimwe kwa kuzidisha tu hapa? Afisa alikuna kichwa. Alisema hawezi kubadilisha kanuni ya wizara, nayo ni kweli, lakini kwamba kuna fungu la ukarabati, dogo, na kwamba barua yenye vipimo ni tofauti na barua yenye malalamiko. Aliigonga muhuri mbele yetu. Mwaka wa fedha uliofuata kisima kilipewa mabomba mapya yasiyoshika kutu. Chai ya Hajati sasa ina rangi ya chai.

Ningependa kusema kwamba ngazi mpya ndiyo iliyotuletea mabomba, na sijidanganyi kiasi hicho. Chuma chenyewe hakimo katika ngazi mpya. Aseniki na floraidi ndizo zilizowekwa mbele kwa sababu hudhuru mwili, ilhali kutu katika maji kwa kawaida huharibu ladha na rangi tu, na Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa chuma. Maji ya rangi ya wino yangeweza kupita maabara yakitabasamu. Kilichotusaidia ni dakika, yaani neno ambalo mtu asiye na maabara anaweza kulishika mkononi, na hilo limenifanya nivitazame viashiria kwa jicho jingine: vingine ni vya wao kutupimia sisi, na vichache, pengine kwa bahati tu, tunaweza kuvitumia kuwapimia wao.

Upo pia upande mwingine wa maana hii mpya, na sijaamua niupende au niuogope. Maji "nyumbani au uani" hayapatikani kwa pampu ya mkono, haijalishi ni nzuri namna gani. Kiashiria kikisema hivyo, wafadhili na wizara huanza kufikiria mabomba: kisima kimoja chenye nguvu, pampu ya umeme wa jua, tangi juu ya kilima, na vituo vya kuuzia maji au mita majumbani, chini ya mamlaka za maji za kanda kama ile ya Mashariki yenye makao Mbale. Nimeona skimu za namna hiyo zikifanya kazi vizuri. Zina fundi anayelipwa mshahara, na hilo pekee linaondoa nusu ya matatizo niliyoyaeleza hapa. Lakini maji ya kituoni hulipiwa kwa jerikani, kila siku, na mama mwenye watoto sita anayelipa elfu moja ya Hajati kwa kuchelewa miezi mitatu hatapewa maji ya kituoni kwa kuchelewa hata asubuhi moja. Ngazi itamwandika amepanda daraja siku mita itakapofungwa kwa jirani yake. Yeye atakuwa ameteremka kwenye kinamasi.

Tena mabomba yanahitaji fedha nyingi kwa mkupuo, na fedha nyingi kwa mkupuo hutoka mbali. Agosti 2023 Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya kwa Uganda kwa sababu ya sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka huo, na haikuirejesha mpaka mwaka 2025. Mwanzoni mwa 2025 misaada ya Marekani ilisimamishwa kwa wino wa kalamu moja, na kufikia Julai shirika lake la misaada lilikuwa limefungwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilisema asilimia 17 tu ya shabaha zilikuwa zikienda vizuri, na hiyo ilikuwa kabla ya hayo. Tulioko mwisho wa bomba hatukuulizwa katika lolote kati ya mambo hayo mawili, kama ambavyo hatukuulizwa katika maana ya neno "kuboreshwa".

Mwaka juzi wapimaji walifika kijijini na chombo chenye miguu mitatu. Walitembea siku mbili wakipigilia vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu kwenye ncha, kutoka barabarani hadi kwenye mwinuko ulio nyuma ya shule, wakatuambia tangi litakaa hapo. Vigingi vingi bado vipo. Viwili vimeng'olewa na watoto, na kimoja Hajati anakitumia kufungia mbuzi, akisema kwamba wakija atakirudisha mahali pake, kwa kuwa anapakumbuka. Vijana wa mwembe nao hawajaacha. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wanaketi na simu yao, nami naandika matokeo katika ukurasa wa nyuma wa daftari. Mabomba mapya yalipowekwa foleni ilirefuka, kwa sababu maji yalikuwa mazuri na watu wa kijiji cha pili wakaanza kuyafuata. Jumamosi iliyopita ilikuwa dakika 52.